Sura ya Sita: Amekiri

Kamanda wa polisi wa mkoa anakaa mbele ya vipaza sauti, karatasi mkononi. Anataja tarehe, anataja mtaa, anataja umri wa mtuhumiwa. Kisha inakuja ile sentensi ambayo msikilizaji yeyote wa redio anaweza kuimalizia mwenyewe: baada ya mahojiano ya kina, mtuhumiwa amekiri kuhusika na tukio hilo, na atafikishwa mahakamani upelelezi utakapokamilika. Waandishi wanazima vinasa sauti. Kesho yake kichwa cha habari kina neno moja na alama ya mshangao. Kwenye daladala watu wanajadili adhabu, miaka thelathini au kamba, na anayekumbusha kwamba mtu huyo bado hajahukumiwa anaonekana msumbufu.

Hakuna anayemuuliza kamanda kuhusu hayo mahojiano ya kina. Yalichukua saa ngapi? Nani alikuwemo chumbani? Mtuhumiwa aliambiwa nini kabla hajasema alichosema? Tusidhani ni ujinga. Muulize muuza kahawa yeyote wa Kariakoo au dereva wa matatu wa Nairobi kuhusu yanayotokea nyuma ya kaunta ya kituo, atakwambia bila kupepesa macho: ukifika pale utasema tu. Anajua kuna vitisho, kuna ahadi za uongo, na kuna siku rungu linatumika. Lakini mtuhumiwa akikiri, muuza kahawa huyohuyo anaamini neno kwa neno. Mambo mawili yanaishi kichwani mwake bila kugombana: kwamba polisi wanamlazimisha mtu aseme, na kwamba alichosema ni kweli.

Ukimbana atakupa sababu yake, na sababu yenyewe ina nguvu: mtu mwenye akili timamu hawezi kujitwisha mauaji ambayo hakuyafanya. Mimi nisingekubali, atasema. Wengi wetu tungesema hivyo. Kabla hatujaitazama imani hiyo hapa nyumbani inafaa kwanza kwenda New York, ambako ilipimwa hadharani na kushindwa, na walioishikilia wakaendelea kuishikilia.

Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke wa miaka 28 aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park alivamiwa, akabakwa na kupigwa kiasi kwamba madaktari hawakutarajia angepona. Usiku huohuo kundi la vijana zaidi ya thelathini lilikuwa likirandaranda bustanini, baadhi yao wakiwasumbua na kuwapiga wapita njia. Polisi walikuwa wameshakamata baadhi yao kabla hata ya kujua habari za yule mwanamke. Katika siku mbili hivi zilizofuata walipata kesi yao: vijana watano, weusi wanne na mmoja mwenye asili ya Puerto Rico, Antron McCray, Kevin Richardson, Yusef Salaam, Raymond Santana na Korey Wise. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Mkubwa alikuwa Wise, miaka 16, ambaye jina lake halikuwa hata kwenye orodha ya polisi. Alikwenda kituoni kumsindikiza rafiki yake Salaam.

Wanne walikiri mbele ya kamera ya video. Salaam hakurekodiwa wala hakusaini, lakini mpelelezi alitoa ushahidi kuhusu maneno yake. Umma wa New York ulichoona ni hizo video: kijana amekaa mezani, mwendesha mashtaka anauliza kwa sauti ya utulivu, kijana anaeleza nani alimshika mwanamke miguu na nani alimpiga kwa jiwe. Ambacho umma haukuona ni saa zilizotangulia. Vijana hao walikuwa wamehojiwa kwa muda mrefu, wengine zaidi ya siku nzima, usingizi kidogo, chakula kidogo, wazazi wakiingia na kutoka. Kila mmoja alisikia kwamba wenzake wameshamtaja. Salaam aliambiwa kwamba alama za vidole vyake huenda zimepatikana kwenye nguo za mwanamke yule. Hazikuwepo. McCray alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba baba yake mzazi ndiye aliyemwambia awape polisi wanachotaka kusikia ili waende nyumbani.

Hapo ndipo kitendawili kilipo kwa wanaosema wasingekubali. Kijana yule hakuwa akichagua kati ya uhuru na kifungo. Kichwani mwake alikuwa akichagua kati ya kubaki katika chumba kile na kwenda kulala kwao. Santana, Wise na wengine wamesema jambo hilohilo kwa maneno tofauti: walidhani wakishakuwa mashahidi dhidi ya wenzao wataruhusiwa kuondoka. Kila mmoja alisukuma kosa kubwa kwa mwenzake na kujiwekea dogo. Hakuna aliyesema nimebaka. Walisema nilishika mkono, nilikuwepo, wengine ndio waliofanya. Kisheria hilo lilitosha kuwafunga wote.

Na maelezo yao hayakupatana. Mahali walipotaja palitofautiana, saa zilitofautiana, silaha zilitofautiana, hata mavazi ya mwanamke yalitofautiana. Vipimo vya vinasaba vya mbegu za kiume zilizopatikana havikulingana na yeyote kati ya watano. Matokeo hayo yalijulikana kabla ya kesi kusikilizwa mwaka 1990. Mawakili wa serikali walisema basi yupo wa sita aliyetoroka, na wazee wa jopo wakaukubali ufafanuzi huo. Pima uzito hapo: upande mmoja sayansi ya maabara, upande mwingine video ya mtoto anayejishtaki. Video ilishinda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mitatu. Mwaka 2002 mfungwa mmoja, Matias Reyes, aliyekuwa akitumikia kifungo kwa mauaji na ubakaji mwingine wa mwaka uleule wa 1989, alijitokeza akasema alifanya kitendo kile peke yake. Vinasaba vilikuwa vyake. Desemba 2002 hukumu zote tano zikafutwa, kwa pendekezo la ofisi ileile ya mwendesha mashtaka iliyowafunga. Wanne walikuwa wameshamaliza vifungo vyao. Wise, aliyehukumiwa kama mtu mzima, alikaa ndani muda wote huo. Mwaka 2014 jiji liliwalipa dola milioni 41. Mwaka 2023 Yusef Salaam alichaguliwa kuwa diwani wa jiji hilohilo.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini Donald Trump, ambaye siku chache baada ya tukio alilipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini akitaka adhabu ya kifo irudishwe, aliulizwa mwaka 2019 kama angeomba radhi. Alijibu kwamba kuna watu wa pande zote mbili katika suala lile, na kwamba vijana wale walikiri. Hapo ni miaka 17 tangu vinasaba vimtaje mwingine. Wapo wapelelezi wastaafu wa New York wanaosema hivyohivyo hadi leo. Mimi siwaiti waongo. Naamini wanaamini. Maneno ya mtu dhidi ya nafsi yake yakishasikika, hakuna ushahidi unaoyafuta kabisa masikioni mwa waliosikia.

Mbinu zilizotumika pale hazikubuniwa na wapelelezi wa zamu ile. Zina historia, na historia hiyo ina kejeli yake. John Reid alikuwa polisi wa Chicago aliyegeuka mtaalamu wa mashine ya kupima uongo. Zama zile, katikati ya karne ya ishirini, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshaanza kutupa kesi ambazo mtuhumiwa alipigwa ili akiri, kwa hiyo polisi walihitaji njia isiyoacha makovu. Reid aliwapa. Chumba kidogo, hakina dirisha wala picha ukutani. Mpelelezi anaingia akiwa na uhakika, au akijifanya ana uhakika, kwamba mtu huyu ndiye. Anamshtaki waziwazi. Kila anapojaribu kukana anakatizwa. Kisha sauti inalainika: huenda hukukusudia, huenda alikuchokoza, mtu yeyote angekasirika. Mwisho anawekewa maswali mawili, ulipanga au ilitokea tu? Ni ujanja wa mchuuzi anayekuuliza utachukua shati jeupe au la bluu, wakati hujasema kama unanunua.

Desemba 1955 Reid aliitwa Lincoln, Nebraska, kumhoji mtunza misitu wa mji aitwaye Darrel Parker, ambaye mke wake alikutwa ameuawa nyumbani. Baada ya saa kadhaa chumbani Parker alikiri. Kesho yake alikana, lakini karatasi ilikuwa imeshasainiwa, na akahukumiwa maisha. Kesi hiyo ilimjengea Reid jina. Mwaka 1962, yeye na profesa Fred Inbau walichapisha kitabu cha mafunzo kilichokuja kuwa msahafu wa wapelelezi wa Marekani, na kampuni yake ikafundisha maelfu kwa maelfu ya askari. Mwaka 1988, baada ya mfungwa mwingine kufa, yaliwekwa wazi maungamo aliyowaachia mawakili wake: yeye ndiye aliyemuua mke wa Parker. Mwaka 2012 jimbo la Nebraska lilimwomba radhi Parker, wakati huo mzee wa miaka themanini hivi, na kumlipa dola laki tano. Mbinu iliyopata umaarufu kwa kesi ile iliendelea kufundishwa.

Kuhusu uongo wenyewe, Mahakama Kuu ya Marekani iliufungulia mlango mwaka 1969 katika kesi ya Frazier dhidi ya Cupp: polisi walimdanganya mtuhumiwa kwamba binamu yake ameshakiri, na mahakama ikasema uongo huo peke yake hauharibu ushahidi. Tangu hapo mpelelezi wa Marekani anaweza kusema ana video asiyokuwa nayo, ana alama za vidole zisizokuwepo. Ilipofika mwaka 2021 tu ndipo jimbo la Illinois lilipokataza kuwadanganya watoto, likifuatiwa na mengine machache.

Sasa turudi kwa muuza kahawa na imani yake. Saul Kassin, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza jambo hili, alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1996 ambalo ni dogo hata linachekesha. Wanafunzi wa chuo waliketi mbele ya kompyuta wakaonywa wasiguse kitufe fulani, wakikigusa mashine itaharibika. Baada ya dakika moja mashine ilizimika yenyewe, kama ilivyopangwa, nao wakashutumiwa kuwa wamegusa. Hakuna aliyegusa. Hata hivyo zaidi ya theluthi mbili walisaini karatasi ya kukubali kosa. Waliofanyishwa kazi kwa haraka, kisha mwenzao wa bandia akadai amewaona kwa macho, walisaini wote. Na baadhi walitoka pale wakimwambia mtu mwingine nje ya mlango kwamba wamegusa kitufe, na wachache wakatunga hata maelezo ya jinsi walivyokigusa, bila kujua kuwa wanatunga.

Mtu atasema kitufe si mauaji. Kweli. Lakini kitufe kilichukua dakika chache, na chumba cha mahojiano kinachukua usiku mzima. Halafu yapo majalada. Katika kesi za Marekani ambazo vinasaba vimethibitisha baadaye kwamba mfungwa hakuhusika, zaidi ya robo zilikuwa na maelezo ya kukiri. Hao ni watu waliokiri makosa makubwa, wengi wao mauaji, ambayo maabara inasema hawakuyafanya.

Kassin alibaini pia jambo ambalo kwangu linatisha kuliko mengine yote. Asiye na hatia ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi chumbani, kwa sababu haogopi. Mhalifu mzoefu anaomba wakili na kufunga mdomo. Asiye na kosa anaona wakili ni wa wenye kosa. Anaongea, anajibu kila swali, anaamini ukweli utajitokeza. Hata anaposaini anajiambia kwamba kesho wataangalia ushahidi, watagundua si mimi. Hajui kwamba akishasaini, wengi hawaangalii tena.

Vipi kuhusu wanaosikiliza? Mwaka 2009 Richard Leo na Brittany Liu walichapisha utafiti uliowauliza watu wanaoweza kuitwa kwenye jopo la mahakama kuhusu mbinu hizi, moja baada ya nyingine. Walijibu alivyojibu muuza kahawa wetu. Walikubali kwamba kudanganywa kuhusu ushahidi, kutishwa na kubanwa ni shinikizo kali. Walipoulizwa kama shinikizo hilo linaweza kumfanya asiye na hatia akiri, walisema uwezekano ni mdogo. Kwa hiyo kumfundisha mwananchi kuhusu mbinu hakutoshi, maana mbinu anazijua. Asichokubali ni matokeo yake.

Wapelelezi nao wamepimwa. Kassin na wenzake walirekodi wafungwa wakieleza makosa waliyoyafanya kweli na mengine ya kubuni, wakawasikilizisha wanafunzi na polisi wazoefu ili watenganishe. Kwa ujumla matokeo hayakuwa mbali na kurusha sarafu, na wanafunzi walipatia zaidi kuliko polisi. Polisi waliwazidi kwa jambo moja: uhakika.

Na video? Wengi wanadhani kamera inamaliza ubishi. Daniel Lassiter wa Chuo Kikuu cha Ohio alionyesha kwa miaka mingi kwamba inategemea imeelekezwa wapi. Kamera ikimtazama mtuhumiwa peke yake, watazamaji wanamwona anasema kwa hiari. Mahojiano yaleyale yakirekodiwa kamera ikiwaonyesha wote wawili, wanaanza kuona shinikizo. Waliomwona Korey Wise kwenye video ya mwaka 1989 walimwona Korey Wise tu.

Waingereza walipitia aibu yao mapema kidogo. Mwaka 1972 vijana watatu wa London, mmoja wao mwenye ulemavu wa akili, walikiri kuhusika na kifo cha Maxwell Confait. Miaka mitatu baadaye ilionekana hawakuhusika. Wakaja Wanne wa Guildford, walioachiwa mwaka 1989, na Sita wa Birmingham, mwaka 1991, wote wakiwa wametumikia kati ya miaka 14 na 16 kwa milipuko ya mabomu ambayo hawakuyatega. Katikati ya kesi hizo sheria ya mwaka 1984 ilileta utaratibu wa kurekodi mahojiano kwa kanda. Miaka ya tisini polisi wa kule walianza kufundishwa namna mpya: acha mtu aeleze habari yake, usimkatize, kisha linganisha na ushahidi ulionao. Kumdanganya kuna gharama. Katika kesi moja ya mwaka 1987 polisi walimwambia mtuhumiwa na wakili wake kwamba alama za vidole zimekutwa kwenye chupa. Hazikuwepo, na Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu. Uingereza haikuzama kwa uhalifu kwa sababu hiyo. Wapelelezi wake walilazimika kutafuta ushahidi kabla ya kutafuta maneno.

Sisi tunasimama wapi? Wakili wa Tanzania au Kenya akisoma haya anaweza kutabasamu, maana kwenye karatasi sheria zetu zina tahadhari ambazo kijana wa New York hakuwa nazo. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa iliyotoka Uganda ambayo mawakili wetu bado wanaitaja, ilionya kwamba mshtakiwa akiyakana maelezo yake, hakimu ayapokee kwa uangalifu mkubwa na kwa kawaida atafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 ilifunga mlango wa maungamo ya kituoni. Baadaye ikaufungua kidogo, kwamba lazima yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu anayechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe awepo. Katiba yake ya 2010 inasema aliyekamatwa asilazimishwe kukiri.

Wakenya hawakufika hapo kwa kusoma vitabu vya saikolojia. Walipitia Nyayo House. Katika miaka ya themanini, hasa wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, watu walishikiliwa katika vyumba vya chini ya jengo lile la serikali katikati ya Nairobi, wengine wakisimamishwa kwenye maji kwa siku kadhaa, kisha wakipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa. Kati ya vyumba hivyo vya chini na ghorofa zile za juu palikuwa na ofisi, wananchi wakipanga foleni ya pasipoti. Wengi walifikishwa mahakamani jioni, saa za kazi zimepita, bila wakili, wakakubali kosa na kufungwa. Magazeti yaliandika wamekubali. Ni kweli walikubali. Vyumba vile vilifunguliwa umma uone mwaka 2003, na baadaye mahakama za Kenya ziliamuru waathirika walipwe fidia.

Kwa Tanzania, maelezo ya onyo yaliyotolewa kwa polisi yanapokelewa mahakamani ikiwa upande wa mashtaka utathibitisha yalitolewa kwa hiari. Mshtakiwa akipinga, inaendeshwa kesi ndani ya kesi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba shahidi bora kuliko wote katika kesi ya jinai ni mshtakiwa mwenyewe anayekiri kosa. Wakati huohuo, mahakama hiyohiyo inamtaka mlinzi wa amani anayeandika maelezo ya mtuhumiwa amuulize alikamatwa lini na wapi, alilala wapi kabla ya kuletwa, na kama kuna aliyemtisha, kumpiga au kumwahidi chochote. Swali la alilala wapi nalipenda sana. Aliyeliweka alijua kituo cha polisi kinavyofanya kazi.

Kisha kuna saa nne. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, muda unaoweza kuongezwa kwa utaratibu. Mara nyingi Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo yaliyochukuliwa baada ya muda huo bila sababu ya msingi, na washtakiwa wengine wakaachiwa. Habari ya namna hiyo ikitoka, mitaani ni kelele: jambazi katolewa kwa masaa! Mahakama zimeoza! Naielewa hasira hiyo, hasa kwa aliyefiwa. Lakini tumeona saa zinafanya nini. Pale New York, kati ya kijana aliyesema sijui na kijana aliyesimulia ubakaji ambao hakuuona, kilichopita ni saa tu.

Kuna tukio letu moja ambalo kila Mtanzania aliyesoma uraia analifahamu nusu. Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Tunafundishwa kwamba huo ni mfano wa uwajibikaji, na ni kweli. Wakubwa wengine nao waliondoka, na Mwinyi alikuja kuwa rais mwaka 1985. Mwanafunzi anakariri jina na mwaka, anapata alama zake. Alijiuzulu kwa nini? Kwa sababu mwaka 1976, katika operesheni ya kusaka wauaji huko Mwanza na Shinyanga, ambako vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, watuhumiwa waliteswa wakati wa kuhojiwa na baadhi yao wakafa. Hao tumewasahau. Hatufundishwi walikuwa nani, waliulizwa nini, wala wangapi walisema ndiyo kabla ya kufa. Umma wa wakati ule ulitaka wauaji wa vikongwe wapatikane, na matakwa hayo yalikuwa ya haki. Vyombo vya dola vilitoa kile ambacho umma ulitaka, kwa njia ambayo umma haukutaka kuiona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa haki za binadamu wanaoweka lawama yote kituoni. Mpelelezi mwenye majalada mezani, asiye na maabara ya karibu, asiye na mafuta ya gari, huku mkuu wake akiulizwa na mkuu wa mkoa na mkuu wa mkoa akiulizwa na redio, anajua kitu kimoja kitakachotuliza wote. Tunamdai neno, naye analileta. Na mtaani kwetu ambako mwizi anaweza kuchomwa kwa tairi kabla hata ya kuulizwa jina, atatoka wapi askari anayeamini kwamba kumbana mtu ni kosa?

Hatuna wazee wa jopo wa kutoa hukumu kama Wamarekani, na baadhi hujifariji kwa hilo: jaji wetu ni msomi, hayumbishwi. Polisi waliopimwa na Kassin pia walikuwa wazoefu. Hakimu anasikiliza redio ileile, ana majirani walewale, na maelezo yanapofika mezani kwake yameshaandikwa kwa mwandiko safi wa mpelelezi, kwa lugha ambayo mara nyingi mtuhumiwa haizungumzi hivyo, dole gumba limebonyezwa chini. Mara nyingi hakuna kamera iliyowashwa tangu dakika ya kwanza. Simu janja ya bei nafuu leo inaweza kurekodi mahojiano ya saa 4, kwa hiyo hoja ya gharama tuiache.

Wahariri wanaweza kuanza kesho bila kusubiri Bunge: wasiandike amekiri mpaka mahakama iyapokee maelezo hayo, na kamanda akisema mahojiano ya kina, waulize yalianza saa ngapi na yakaisha saa ngapi. Na wewe msomaji, ndugu yako akikamatwa, usingoje asubuhi. Ukiwa Tanzania, sheria inampa haki ya kuomba awasiliane na ndugu, rafiki au wakili. Andika saa aliyochukuliwa, andika jina la kituo, nenda pale ukiwa na mtu wa pili, uliza anashikiliwa kwa kosa gani na umwambie asisaini asichokielewa. Fanya hivyo hata kama una hakika hana kosa. Fanya hasa kwa sababu hana kosa.